Waliouziba Mkonga

Tulimwacha Mama Kimya amelala kifudifudi juu ya dari ya kiwanda cha ndala, patasi mkononi, na ngazi aliyopandia inatikisika. Kulikuwa na mtu ameishika kwa chini. Wiki nzima mmeniletea ujumbe mkisema huyo ni bosi, na kwamba mwanamke wetu kwisha habari yake. Haya, tulieni basi niwaambie.

"Mama Kimya," sauti iliita kutoka chini. "Najua uko huko. Nimeona ndala zako."

Ndiyo, ndala. Mwanamke anakwenda kufanya jambo la kumfungisha jela, anaziacha ndala zake chini ya ngazi kama mtu anayeingia kulala. Hasira humnyima mtu akili ndogo ndogo.

Sauti haikuwa ya bosi. Ilikuwa ya msimamizi wa zamu, yule mama wa miwani minene wanayemwita Macho Manne, ambaye hata ukipiga chafya anataka kujua umepata ruhusa ya nani.

Sasa wewe uliyeokota gazeti hili kwenye kiti cha kinyozi, ngoja nikuweke sawa haraka.

Mume wa Mama Kimya alikuwa mchanganyaji katika kiwanda hicho. Walimwita Mluzi kwa sababu alipiga mluzi kutwa nzima, hata mashine zikinguruma. Kazi yake ilikuwa kumimina kwenye pipa ule unga wa manjano unaofanya soli ya ndala iumuke na kuwa laini. Wafanyakazi wanauita hamira. Ni kemikali, lakini jina la jikoni hulifanya jambo lionekane dogo.

Hamira ikimwagwa hupanda juu kama vumbi la unga, ikakaa kwenye nyusi, kwenye masikio, kwenye kifua. Zamani kulikuwa na bomba kubwa la bati juu ya pipa, lenye feni, likivuta vumbi lote na kulitupa nje. Hilo bomba ndilo Mkonga. Halafu bosi akajenga ofisi mpya ya vioo upande wa pili wa ukuta, na mdomo wa Mkonga ukabaki juu ya dari yake. Vumbi likaanza kudondoka kwenye meza yake. Hakuuhamisha Mkonga. Aliuziba.

Badala yake akaleta maziwa. Kila mfanyakazi pakiti moja mwisho wa zamu, ati yanaosha kifua. Watu wakafurahi, wakawa wanavua vitambaa vya puani humo humo ndani ya vumbi ili wanywe vizuri. Na kila Jumatatu asubuhi alikuja daktari wa kampuni kuwapulizisha watu kwenye mrija, vifua vikiwa vimepumzika Jumapili nzima. Wote walifaulu. Mluzi naye alifaulu mpaka wiki aliyokufa, kifua chake kikiwa kinalia chenyewe usiku na mchana. Daktari akasema pumu ya kurithi. Bosi hakuja mazikoni. Alituma katoni ya maziwa.

Siku ile Mama Kimya aliapa kwamba kila mwenye mkono katika kuziba Mkonga atavuta kile kile alichovuta mume wake. Akaomba kazi pale kwa jina la kwao, akawekwa kwenye mashine ya kusaga ndala mbovu, akanyamaza mpaka wakampa hilo jina la Kimya. Na leo mkaguzi wa afya yuko ofisini anakunywa chai na bosi. Mkaguzi akija, feni ya Mkonga huwashwa ingurume kwa maonyesho, ingawa haivuti kitu. Mama Kimya alitaka safari hii ivute.

Twende.

"Shuka," alisema Macho Manne.

"Sishuki."

"Unajua nikipiga kelele kitatokea nini?"

"Piga."

Macho Manne alivuta pumzi ya kupiga kelele. Badala ya kelele kikatoka kikohozi, tena kile cha kumkunja mtu mara mbili. Alishika ngazi kwa mikono yote, miwani ikaanguka, machozi yakamtoka. Kilipoisha alijifuta mdomo kwa kiganja, akatazama mlangoni kama kuna aliyesikia.

"Tangu lini?" Mama Kimya aliuliza.

"Tangu mwaka jana. Nakunywa dawa chooni." Aliokota miwani yake. "Umefika wapi huko?"

"Nimekwama. Nilidhani wamepigilia misumari tu. Kumbe bati limechomelewa pande zote, patasi haiingii."

"Basi anatakiwa fundi. Si kaka yako Cheche yuko karakana? Nikamwite?"

Mama Kimya alikuwa amewasha tochi ya simu na kuisogeza karibu na mshono wa bati. Aliutazama kwa muda, akaupitisha kidole, akarudia kuupitisha. 

"Mwite," alisema. "Mwambie aje na msumeno wa chuma. Usimwambie kingine."

Cheche alikuja mbio mbio, mfuko wa vifaa begani, akapanda ngazi huku akinung'unika kwamba dada yake anatafuta kufukuzwa kazi na yeye afukuzwe pamoja naye. Alikuwa fundi wa kuchomelea wa kiwanda, mtu wa mzaha, ambaye hata msibani aliwachekesha wapishi. Alitambaa juu ya boriti mpaka wakawa ubavu kwa ubavu.

"Mdogo wangu, ungeniambia mapema, ningekutengenezea hata lifti."

"Kaka, hii kazi ya nani?"

Tochi ilikuwa kwenye mshono. Cheche alitazama, mzaha ukamkauka mdomoni.

"Ya fundi."

"Fundi gani?"

"Mafundi wako wengi."

"Anayemaliza mshono kwa kurudi nyuma mara mbili, kama anafunga fundo la uzi, ni mmoja. Kitanda changu ulikimaliza hivyo. Dirisha la mama ulilimaliza hivyo. Na uzio wa kaburi la mume wangu, kaka. Ulikataa malipo, ukauchomelea huku unalia, watu wakasema shemeji gani huyu. Nao uliumaliza hivyo hivyo."

Cheche alilaza paji la uso kwenye boriti.

"Bosi alisema wiki mbili," alisema. "Mkonga mpya ulikuwa njiani. Wiki mbili tu, halafu tungeuhamishia upande wa nyuma."

"Ulijua nani anafanya kazi chini yake."

"Nilijua."

"Na Jumapili ukaja kula kwangu."

"Nilikuja."

Unataka nikwambie Mama Kimya alilia? Hakulia. Alimtazama kaka yake, yule aliyembeba mgongoni kumvusha mto wakiwa wadogo, na akamchukia kuliko alivyowahi kumchukia bosi. Bosi alikuwa mtu baki. Huyu alikula sahani moja na marehemu.

"Hukuwa peke yako," alisema. "Hakuna fundi anayechomelea huku juu bila mtu wa kumshikia ngazi na kumpa vijiti vya kuchomelea. Nani alikushikia?"

"Acha hilo."

"Nani?"

"Nakuomba kama kaka yako. Hilo liache."

"Basi kata. Kata bati hili sasa hivi."

"Una wazimu? Hili bomba limejaa hamira kavu. Cheche moja tu, tunaondoka na paa pamoja."

"Ndiyo maana nikasema uje na msumeno."

Cheche alitazama msumeno, akatazama bati, akatazama barakoa iliyoning'inia shingoni kwa dada yake. Ilikuwa ile barakoa nzito yenye vichujio viwili, ambayo Mluzi alijinunulia mwenyewe akiwa tayari hawezi kupanda ngazi za nyumba.

"Nipe hiyo. Nikikata litanimwagikia usoni."

"Hii ni ya mume wangu."

"Ndiyo, naomba."

"Sikupi."

Cheche hakubishana. Alifunga leso puani, akaanza kukata. Chini feni ilinguruma kwa maonyesho, ikameza sauti ya msumeno. Kila alipovuta, unga wa manjano ulitoka kwenye ufa na kumwagika kwenye mikono, kwenye leso, kwenye kope. Akaanza kukohoa. Miaka yake ya kurekebisha mapipa ya kuchanganyia nayo ilikuwa na hesabu yake kifuani. Mama Kimya alivaa barakoa, akamwangalia. Alifurahi, wasomaji wangu. Sitaki kumpamba. Kila kikohozi cha kaka yake alikisikia kikimshuka rohoni kama maji baridi.

"Imebaki pembe moja," alisema Cheche, sauti imekwaruza.

"Malizia."

Mama Kimya alishuka akamwacha huko. Alitaka kuwa mlangoni kwa bosi bati litakapoanguka.

Lilianguka kabla hajafika. Katika chumba cha kuchanganyia walisikia kishindo juu, kisha Mkonga ukapiga mbinja ndefu na vumbi lote likainuka kutoka kwenye pipa, likaingia juu kama limeitwa. Wachanganyaji walisimama na magunia mikononi. Kwa mara ya kwanza waliweza kuona ukuta wa upande wa pili. Mmoja alivua kitambaa puani, akavuta hewa taratibu kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

"Msikae," Macho Manne aliwaambia, kwa sauti ile ile ya kila siku ya kuwagombeza. "Mimineni. Kazi ni kazi."

Wakamimina.

Ofisini bosi alikuwa amefika mahali pazuri pa maelezo yake. Huyu ndiye Mzee Manukato, kwa sababu kabla ya kupita kwenye ukumbi wa mashine hujipulizia shingoni, akapita haraka kabla harufu haijaisha. Alikuwa anamwambia mkaguzi, mama mpole mwenye kilemba, kwamba feni anayoisikia ndiyo roho ya kiwanda.

"Afya ya wafanyakazi kwangu ni kitu cha kwanza," alisema, na kitu cha kwanza kikadondoka kwenye chai yake.

Kilikuwa kidogo tu, kijiko cha unga. Bosi akakiondoa kwa kidole akitabasamu. Kisha matundu ya dari yakafunguka yote. Unga ulishuka juu ya meza ya vioo, juu ya shati jeupe, juu ya kilemba cha mkaguzi, ukajaa chumba mpaka dirisha likawa la manjano.

Mkaguzi aliziba pua kwa upindo wa kilemba. "Hiki ni nini?"

"Unga wa kawaida kabisa. Hauna madhara, hata ukiula."

"Sasa mbona unakimbilia mlango?"

Bosi alikuwa kweli ameshafika mlangoni. Aliufungua akakuta mtu. Mwanamke mwenye barakoa, peku, na pakiti ya maziwa mkononi.

"Mama, wewe pita," Mama Kimya alimwambia mkaguzi, akajibana pembeni. Mkaguzi alipita akikohoa. Bosi akataka kumfuata, mlango ukawa umejaa tena.

"Wewe ni wa mashine ya kusaga. Ondoka hapo."

"Bosi hajamaliza chai."

"Nimesema ondoka, umefukuzwa kazi."

"Sawa. Mimi ni mjane wa Mluzi. Ulinitumia katoni ya maziwa, leo nimekurudishia moja. Kunywa, yanaosha kifua."

Alimwekea pakiti mkononi. Bosi aliitazama, akamtazama yeye, na nafikiri hapo ndipo alipoelewa kwamba kupiga kelele hakutamsaidia. Akaanza kukohoa. Kikohozi chake kilikuja kwa kasi ambayo hata Mama Kimya hakuitegemea. Alirudi nyuma akipapasa meza, akavuta droo, akatoa kitu kidogo cha buluu na kukipeleka mdomoni.

Inhela. Kile kipulizio cha pumu.

Alivuta mara moja. Kabla ya mara ya pili, Mama Kimya alikuwa ameshakinyakua.

"Hii ya nani?"

"Yangu. Nirudishie."

"Tangu lini?"

Bosi aliweza kusema neno moja moja tu. "Nilianza... kama... mchanganyaji. Kwa mjomba wangu. Zamani."

Mkaguzi alikuwa korido, anasikia. Aliondoa kilemba puani. "Kwa hiyo ulijua," alisema.

Alijua. Mtu ambaye daktari wake aliwaambia watu wazima na watoto wao kwamba ni ugonjwa wa kurithi, alikuwa na dawa yake kwenye droo. Mama Kimya alikuwa ameota siku hii kwa namna nyingi, na katika zote hakuna iliyokuwa tamu namna hii. Bosi alipiga magoti kwenye unga wake mwenyewe, akamnyooshea mkono. Mama Kimya akasimama pale pale kumtazama akitafuta pumzi. Alitaka aone mpaka mwisho.

"Mama Kimya." Macho Manne alikuja anakimbia, miwani mkononi. "Kaka yako hajashuka. Namwita haitikii."

Sasa niambie, msomaji, wewe ungefanya nini? Maana mimi nimekaa na swali hili tangu juzi. Watu wawili wamemziba mume wake pumzi. Mmoja yuko miguuni pake, mwingine yuko juu ya dari. Dawa ni moja, na iko kwenye ngumi yake.

Mama Kimya alimsukuma Macho Manne pembeni, akaondoka. Nyuma yake mkaguzi aliingia, akamshika bosi makwapani, akaanza kumburuta kuelekea kwenye hewa.

Mama Kimya alipanda ngazi mbio. Juu kulikuwa na ukungu wa manjano. Cheche alikuwa amelala chali kwenye boriti, leso imeteleza shingoni, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alipomwona dada yake alijaribu kutabasamu, lile tabasamu la mzaha, likakataa kuja.

Mama Kimya alipiga magoti, akaivua barakoa, akamvalisha. Kisha akamvua tena ili aweze kujibu. Alimwonyesha ile inhela.

"Nani alikushikia ngazi?"

Cheche alitikisa kichwa.

"Niliapa kila mwenye mkono. Amebaki mmoja. Nipe jina lake nikupe dawa."

"Mdogo wangu..."

"Jina, kaka."

Chini bosi alikuwa ameponyoka mikononi mwa mkaguzi, anajikokota kwenye sakafu ya ukumbi. Walimsikia akishika ngazi, akiomba arudishiwe dawa yake, sauti ikiwa nyembamba kama ya mtoto.

Cheche alifumba macho. Alikusanya pumzi yote aliyobakiwa nayo, na ilitosha neno moja.

"Mumeo."

Mama Kimya aliishusha inhela.

"Alisema... wiki mbili si kitu," Cheche alinong'ona. "Bosi alimwahidi cheo. Alitaka kukujengea. Akanikataza nisikwambie, hata akifa."

Alimwamini kaka yake. Hicho ndicho kilichomuuma, kwamba hakuwa na shaka hata kidogo. Alimwona Mluzi wake amesimama chini ya ngazi hii hii, ameinua uso, anapitisha vijiti kimoja baada ya kingine, anasaidia kufunga pumzi zake mwenyewe kwa ajili ya nyumba ambayo hawakuijenga. Alimchukia. Alimpenda, akamchukia tena, na huyo hakuwa mtu ambaye angeweza kumlipiza. Alikuwa ameshavuta sehemu yake yote.

Mkono wa Cheche ulilegea kwenye boriti. Macho yakaanza kugeuka juu.

Mama Kimya alimkamata kaka yake taya, kwa nguvu ya kuumiza, akaitikisa ile inhela.

"Fungua mdomo," alisema. "Leo hufi. Mwenzako ameshanikimbia kaburini, na mimi na wewe bado hatujamalizana."